Kubadilisha masanduku ya fyuzi kwenye umeme wa bei mbili: uchambuzi wa nyumba moja yenye hita za usiku

Nyumba ya kisa hiki iko Uingereza, ilitandazwa waya mwaka 1984, na haina gesi. Joto la vyumba linatoka kwenye hita nne za kulimbikiza joto, zile zenye matofali mazito ndani ya bati, zinazojaa moto usiku na kuutoa polepole mchana. Maji yanachemshwa kwenye tangi lenye elementi mbili: ya chini kwa umeme wa usiku, ya juu kwa kuongezea wakati wowote. Umeme unanunuliwa kwa mpango wa Economy 7, ulioanza mwaka 1978: saa saba za usiku kwa bei ya chini, saa zilizobaki kwa bei ya juu. Chini ya ngazi kuna masanduku mawili ya fyuzi za kufunga waya, moja la saa 24 na moja la usiku. Mwenye nyumba anataka yote mawili yaondoke, yaingie masanduku ya breka (swichi zinazojikata zenyewe mzigo ukizidi), na baadaye afungiwe chaja ya gari.

Kazi hii hukadiriwa kama kubadilisha sanduku la kawaida na kuongeza saa moja au mbili. Makadirio hayo ndiyo chanzo cha matatizo, kwa sababu nusu ya waya za nyumba hii huwa hazina umeme mchana, wakati fundi yuko kazini, kisha hupata umeme zenyewe usiku bila mtu kugusa swichi. Waya ambao hauna umeme kwa sababu saa yake haijafika haujazimwa. Kila hatua inayofuata inategemea fundi kuliweka hilo kichwani.

Tuanze na mita, kwani huko ndiko michoro ya mazoea inakosewa. Mita ya bei mbili ya aina hii ina terminali tano (sehemu za kuungia waya): laivu inayoingia, yaani waya unaoleta umeme, nyutro inayoingia, yaani waya wa kuurudisha, nyutro inayotoka, laivu ya saa 24 inayotoka, na laivu ya tano inayopata umeme pale tu swichi iliyo ndani ya mita inapounga. Zamani swichi hiyo ilikuwa nje ya mita, ikiendeshwa na saa au na mawimbi ya redio ya masafa marefu ya BBC kwenye 198 kHz. Kuzimwa kwa huduma hiyo ya redio kulianza tarehe 30 Juni 2025, na nyumba za namna hii zimekuwa zikihamishiwa mita janja. Kwa hiyo mara nyingi utakuta mita mpya imeungwa kwenye waya za mpangilio wa zamani, na fundi wa mita hakuwa na wajibu wa kuchunguza zinakoelekea.

Jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalijui: katika Economy 7 ya kawaida, mita huhesabu kwa saa, si kwa waya. Usiku, hata friji na taa zilizo kwenye sanduku la saa 24 zinalipiwa bei ya chini. Laivu ya tano ni swichi ya kuwasha hita, basi. Lakini iko mipango mingine, hasa Scotland, ambapo saketi ya joto ina hesabu yake peke yake, na ukihamisha hita kutoka waya mmoja kwenda mwingine umebadilisha bili ya mtu. Soma bili kabla ya kuchora chochote. Ulizia pia saa zenyewe: maeneo mengi ni kuanzia saa 6:30 usiku hadi saa 1:30 asubuhi kwa majira ya GMT, na mita nyingi hazifuati saa ya kiangazi, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba ni saa 7:30 usiku hadi saa 2:30 asubuhi kwa saa ya ukutani.

Katika nyumba hii kosa la kwanza lilikuwa kati ya mita na masanduku. Kulikuwa na swichi moja ya kukatia, ya nguzo mbili (inayokata laivu na nyutro kwa pamoja), ampea 100. Laivu ya saa 24 ilipita humo, na nyutro ilipita humo. Laivu ya tano ilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la usiku, na nyutro ya sanduku hilo ilichukuliwa upande wa chini wa swichi hiyohiyo. Ukiizima mchana, kila kipimo kinaonyesha sifuri na unaona uko salama. Ikifika saa ya usiku, laivu ya tano inaamka, umeme unapita kwenye elementi za hita, unafika kwenye nyutro, na nyutro haina pa kurudi kwa sababu swichi imeikata. Baa ya nyutro ya sanduku la usiku inakuwa na volti 230. Na kwa kuwa nyutro za masanduku yote mawili zimeshikana chini ya swichi, baa ya nyutro ya sanduku la saa 24 nayo inakuwa hivyo hivyo, ndani ya sanduku ambalo fundi ameandika limezimwa. Hita zote na elementi ya chini ya tangi kwa pamoja zina ukinzani wa karibu omu 4 tu, kwa hiyo hazimpunguzii chochote atakayegusa. Kazi ya mchana hupona kwa bahati. Kazi inayovuka usiku, au nyumba ambayo mita yake ina kitufe cha kuongeza joto mchana, haina bahati hiyo.

Suluhisho ni swichi mbili za kukatia, kila moja ya nguzo mbili, kila moja ikikata laivu yake na nyutro yake. Nyutro inayotoka kwenye mita inaingia kwenye bloku ya kuunganishia ya ampea 100, na hapo inagawanyika kwenda kwenye swichi zote mbili. Kazi hiyo inagusa waya za mita na sili (muhuri) ya fyuzi kuu, kwa hiyo inaagizwa kwa kampuni inayouza umeme au ya mita, wiki kadhaa kabla. Fundi wa nyumba hakati sili. Anayeanza kazi kabla ya swichi hizo kuwekwa anajilazimisha kufanya kazi mbovu.

Sasa mzigo. Hita zilikuwa za kilowati 3.4, 2.55, 2.55 na 1.7, jumla 10.2. Elementi ya chini ya tangi ni kilowati 3. Jumla ya usiku ni kilowati 13.2, yaani ampea 57 kwenye volti 230. Katika nyumba ya kawaida fundi hupunguza hesabu kwa sababu vifaa havitumiki vyote kwa pamoja. Hapa hakuna kupunguza: vyote vitano vinaanza kwa sekunde moja na vinaweza kwenda saa nyingi bila kupumzika. Ongeza bafu la umeme la kilowati 8.5, ampea 37, mtu akiamka kuoga kabla ya bei kubadilika, na umefika ampea 94. Fyuzi kuu ilikuwa imeandikwa 80. Ilikuwa ikidumu kwa sababu kuoga ni dakika kumi na fyuzi ya namna hiyo huvumilia ziada fupi. Chaja ya gari ya kilowati 7.4 ni ampea 32 kwa saa kadhaa, na 57 kuongeza 32 ni 89 kabla hata bafu halijawashwa. Ombi la kupandishwa hadi fyuzi ya ampea 100 lilipaswa kwenda kwa mwenye mtandao wa umeme siku ileile ya kukagua, pamoja na chaja inayojipunguza yenyewe mzigo ukipanda.

Kuhusu mpangilio wa masanduku kuna njia tatu. Ya kwanza ni sanduku moja lililogawanywa lenye swichi kuu mbili, laini mbili za baa na baa mbili za nyutro. Linaokoa nafasi, na pale ambapo kabati ni finyu halina ubaya. Udhaifu wake ni kwamba mtu akizima swichi moja na kufungua kifuniko, nusu ya sanduku bado ina umeme au itapata umeme baadaye. Ya pili ni kuachana na laivu ya tano, kuhamishia kila kitu saa 24 na kuendesha hita kwa kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme) na saa yako mwenyewe. Inawezekana pale mita inapohesabu kwa muda, lakini saa ikipotea baada ya umeme kukatika, hita zinajaa kwa bei ya mchana na mwenye nyumba anajua bili ikifika. Ya tatu ni masanduku mawili ya chuma, kila moja na swichi yake kuu. Kwa nyumba hii ya tatu ndiyo bora. Siku hita zitakapoondolewa, sanduku la usiku linaweza kupewa umeme wa saa 24 bila kugusa saketi hata moja. Pia sanduku la usiku linahitaji nafasi ya kupumua, na sababu yake ni joto.

Masanduku ya nyumbani hutengenezwa kwa kudhani kwamba breka zake hazitabeba mzigo kamili zote kwa pamoja. Kiwango cha masanduku haya, BS EN 61439-3, kinatoa kizidishi cha ampea za breka pale mtengenezaji asipotoa chake: saketi mbili au tatu 0.8, nne au tano 0.7, sita hadi tisa 0.6, kumi na zaidi 0.5. Saketi tano za usiku kwenye breka za ampea 16 zinapata 16 mara 0.7, yaani ampea 11.2 mfululizo. Hita ya 2.55 huvuta 11.1, inapita kwa unywele. Elementi ya maji huvuta 13 na hita ya 3.4 huvuta 14.8, zote hazipiti. Ukizipanga bega kwa bega, joto la moja linampasha jirani, na breka inakatika saa tisa usiku bila hitilafu yoyote kwenye waya. Mwenye nyumba anaamka kwenye baridi, fundi anakuja mchana, hakuna umeme wa usiku wa kupimia, na anaondoka akisema hakuna kosa.

Kwa hiyo sanduku la usiku lichaguliwe la nafasi kumi ingawa saketi ni tano, na kati ya kila breka na nyingine iachwe nafasi moja yenye kizibo. Hita ya 3.4 ipewe ampea 20, lakini baada ya kufuata kebo yake. Kebo bapa ya 2.5 mm² iliyobanwa ukutani waziwazi hubeba ampea 27, na ndani ya mfereji katika ukuta wenye sufi ya kuzuia joto hubeba 20. Ikiwa imelala juu ya dari chini ya sufi nene inashuka hadi 17, na ikizungukwa na sufi pande zote ni 13.5. Katika hali hizo mbili za mwisho breka ya 20 hairuhusiwi. Mwaka 1984 sufi ya dari ilikuwa nyembamba. Iliyoongezwa baadaye imebadilisha hesabu ya kebo ambayo hakuna aliyeigusa.

Tazama pia mwisho wa pili wa kebo. Hita ya 3.4 ilikuwa imewekewa swichi yenye fyuzi ya ampea 13, ilhali hita yenyewe huvuta 14.8 usiku kucha. Plastiki nyuma yake ilikuwa imegeuka kahawia. Mahali pake ni swichi ya nguzo mbili ya ampea 20 isiyo na fyuzi, na waya laini wa kuvumilia joto. Hita zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 huenda zina asbesto ndani, na zikikutwa zisifunguliwe.

Kabla ya kununua chochote kipimo kimoja kilipaswa kufanywa, nacho ndicho kinachookoa siku nzima. Ukiwa umekata swichi zote mbili, toa nyutro zote kwenye baa za masanduku yote mawili na upime ukinzani kati ya kila nyutro ya sanduku moja na kila nyutro ya lingine. Zisishikane. Katika nyumba hii nyutro ya elementi ya chini na nyutro ya elementi ya juu zilikuwa moja: kidhibiti cha zamani cha tangi kilipokea laivu mbili na kurudisha umeme wote kupitia nyutro ya kebo ya usiku. Kwenye fyuzi za waya hakuna aliyejua kwa miaka 40, maana fyuzi haijali umeme unarudi wapi. Breka yenye kinga ya uvujaji, RCBO, inalinganisha kinachotoka na kinachorudi, na elementi ya juu ingewashwa kwa mara ya kwanza ingekatika papo hapo. Tena kuna hatari iliyotangulia RCBO: ukizima sanduku la usiku na mtu akabonyeza kitufe cha kuongeza maji moto, nyutro iliyokatwa inapata umeme wa sanduku la saa 24.

Usijaribu kuiponya kwa kuhamisha nyutro kutoka baa hii kwenda ile, maana utahamisha kosa tu. Kila elementi ipate kebo yake yenye laivu na nyutro yake, na kidhibiti chenye terminali mbili za nyutro zilizotengana. Kebo ya pili isipopatikana, elementi zote mbili zilishwe na sanduku la saa 24 kwa saa yake yenyewe, zikizuiwa zisiwake pamoja. Hita za kisasa zenye feni zinaleta swali hilohilo, kwa kuwa zinapokea umeme wa usiku kwa matofali na wa saa 24 kwa feni na kidhibiti.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya siku moja yote hayo yakiwa tayari. Swichi zote mbili za kukatia zinazimwa na kufungwa kwa kufuli, ufunguo mfukoni. Kipima volti kinathibitishwa, kinatumika, kinathibitishwa tena. Kwa upande wa usiku hatua hiyo mchana haitoshi, kwa hiyo waya nene zinazotoka kwenye swichi yake zing'olewe na kuwekewa vifuniko ili pengo lionekane kwa macho. Masanduku mapya ni ya chuma, kwa kuwa tangu Januari 2016 ya nyumbani yanatakiwa yasiwe ya kitu kinachoungua. Waya za mita ni 25 mm², waya wa ethi (unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini) 16 mm² hadi terminali kuu, na kiungo cha ethi kwenye bomba la maji 10 mm². Sanduku la saa 24 linapata kinga dhidi ya miruko ya ghafla ya volti. Breka ni RCBO za aina A, zinazokata nguzo zote mbili zikipatikana. Laivu na nyutro ya sanduku moja zipite pamoja kwenye tundu moja la chuma. Zikitenganishwa, bati lenyewe hupata moto. Skrubu zikazwe kwa bisibisi ya kupimia nguvu, kwa namba ya mtengenezaji. Kiungo kilicholegea kwenye ampea 57 kwa saa saba kila usiku kitaungua.

Vipimo: insulesheni kwa volti 500, isipungue MΩ 1 (omu milioni moja). Hita tatu zilipita. Ya chumba cha wageni, ambayo haikuwashwa miaka mingi, ilitoa MΩ 0.02, yaani uvujaji wa karibu miliampea 11.5. RCBO ya miliampea 30 inaruhusiwa kukatika popote kati ya 15 na 30, kwa hiyo hita hiyo inaweza kuwaka vizuri kisha ikakata baada ya dakika ishirini, unyevu wa ndani ya elementi ukianza kusogea kwa joto. Itenganishwe, elementi zipimwe moja moja, mbovu zibadilishwe. Kuiweka kwenye breka isiyo na kinga ili ikauke yenyewe hakukubaliki.

Ukinzani wa mzunguko wa hitilafu, yaani njia ya umeme ukivujia ethi, kwenye mwanzo wa umeme ulipimwa 0.21 Ω. Kebo ya 2.5 mm² yenye ethi ya 1.5 mm², mita 22, inaongeza 0.43, na jumla 0.64 iko mbali chini ya 2.19 inayoruhusiwa kwa breka ya aina B ya ampea 20. Hesabu hiyo inafanyika mchana bila umeme wa usiku. Kupima muda wa RCBO kunahitaji umeme kweli. Njia nyepesi ni kitufe cha mita cha kuwasha laini ya usiku, kama kipo. Kisipokuwapo, waya za sanduku la usiku, zikiwa zimeng'olewa kwenye swichi yake, zinaungwa kwa muda kwenye umeme wa saa 24, vipimo vinafanyika, kisha zinarudishwa. Kamwe zisiungwe pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa umeme utarudi nyuma hadi terminali ya tano ya mita.

Kisha usiku wa kwanza. Kuna mafundi wanaoruka hatua hii, na hakuna kipimo cha mchana kinachoichukulia nafasi. Saa mbili baada ya hita kuwaka, kipima ampea cha kubana kionyeshe karibu 14.8, 11.1, 11.1, 7.4 na 13, hita zikiwa zimewekwa kujaza kikamilifu na tangi likiwa la baridi. Hita inayovuta pungufu dhahiri ya namba yake huenda ina elementi iliyokatika. Kamera ya joto ipitishwe juu ya swichi kuu, bloku ya nyutro na kila breka. Kiungo kimoja kikiwa na joto kuliko wenzake wenye mzigo sawa, kizimwe na kikazwe upya.

Katika England na Wales kubadilisha sanduku ni kazi inayopaswa kuarifiwa chini ya Part P, sehemu ya kanuni za ujenzi inayohusu umeme wa nyumbani, ama na fundi aliyesajiliwa au kupitia mamlaka ya ujenzi, na hati ya usakinishaji inaambatana nayo. Kwenye masanduku yote mawili ibandikwe karatasi inayosema nyumba ina njia mbili za umeme, swichi ipi inakata ipi, na saa za usiku kwa GMT na kwa kiangazi.

Chaja ya gari ilibaki kwa baadaye, lakini kihisi chake cha kupimia mzigo kilipaswa kupangiwa nafasi sasa. Kikibanwa kwenye laivu ya saa 24 pekee, hakizioni ampea 57 za hita na chaja itaendelea kuvuta 32 kana kwamba nyumba imelala. Kibanwe kwenye laivu inayoingia kati ya fyuzi kuu na mita, kwa nje bila kugusa sili, au laivu zote mbili zinazotoka zipite ndani ya kihisi kimoja zikielekea upande mmoja. Acha sentimita 10 za waya zilizonyooka mahali hapo unapopanga kabati.